Siku ya Nne

Mimi fundi baiskeli, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili.
Mbali nilikowahi kufika ni Korogwe,
nikarudi siku hiyohiyo, spoku mia mbili begani.
Lakini nimekaa miezi minane juu ya barafu
na mtu aliyejikata vidole kwa mkasi wa kushonea.
Nimefungwa kisiwani kwa kosa la kufanana jina.
Nimepita jangwani na lori la samaki waliokwisha kuoza,
dereva mwanamke aliyeacha waume watatu bila chozi
akaja kumlilia punda.
Kweli tupu. Hadithi za kubuni sizitaki:
wa kubuni akifa, ni kalamu imechoka;
wa kweli alikuwa na njaa
hata siku ambazo hakuandika.

Maktaba ya mjini wananijua kwa dole gumba.
"Shekigenda," huniambia Bi Mwanaidi wa kaunta,
"grisi yako imefika ukurasa wa tisini.
Jana ulilala saa ngapi?"

Jioni namsomea mwenye nyumba wangu, Bi Lukresia.
Macho yana mtoto wa jicho, masikio bado yanakata.
Anachambua mchicha kwa kupapasa, mimi nasoma.
Hasemi "endelea". Hasemi "maskini".
Hadi siku ya yule bwana wa jangwani
aliyetembea siku ishirini na tatu,
viatu vikaisha siku ya kumi
ndipo miguu ikaanza kuvimba.

Akaweka mchicha chini.
"Mwongo."
"Bibi, si kayaandika mwenyewe?"
"Ndiyo maana. Miguu huvimba siku ya nne.
Siku ya kumi haiumi tena, unaiona kama ya mtu mwingine,
unaionea haya. Andika."
"Niandike wapi?"
"Hapohapo alipodanganya."

Basi nimemjua hivyo, kwa masahihisho,
penseli pembeni mwa maisha ya watu.
Aliyevuka mto na mwanawe mgongoni:
*Mtoni mtoto hufungwa kifuani, umwone kama anapumua.*
Aliyesifu ukimya wa porini:
*Hakuna ukimya. Kuna wadudu, na tumbo la mwenzio.*
Aliyefanya kazi mgodini bila kuitwa jina:
*Ukizoea namba miaka sita, jina likiitwa hugeuki.*
Yake ilikuwa elfu moja mia moja arobaini na saba,
shamba la mkonge, upande wa Pongwe.
Hilo sikulisoma popote;
lilimtoka akitafuta chumvi.
Na yule aliyesahau sura ya mama yake,
hapo hakusahihisha kitu.
Aliniambia niruke ukurasa.

Nikasema, Bibi, tununue daftari,
nitaandika yote, toka Ruvuma hadi hapa kibarazani.
Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.
"Mimi sikusafiri, mwanangu.
Nilikuwa nakwenda kazini."

Juzi Bi Mwanaidi kafungua kitabu, kaona.
Faini elfu tatu, na raba juu yake.
"Kaa pale. Futa. Chote."
Nikafuta mto. Nikafuta wadudu na tumbo la mwenzio.
Chenga za raba zikajaa mezani kama unga wa mchwa.
Nikafika jangwani, siku ya kumi,
na chini ya penseli yangu
mwandiko mwingine, wa kulalia kushoto:

*Ya tano. Inategemea kama umebeba mtu.*

Nikainua kichwa.
Mwanafunzi kalala juu ya ramani ya Afrika.
Mzee mmoja na gazeti la wiki iliyopita.
Feni.
Sikufuta. Nililipa, nikaazima upya kitabu kilekile,
nikapanda baiskeli ya mteja nikaenda nyumbani.

Nilimsomea mara mbili.
Akanyamaza fungu zima la mchicha likaisha.
"Kaandika kwa penseli?"
"Kwa wino, Bibi. Wa bluu."
"Basi hataki kufutwa," akasema.
Akajipangusa mikono kwenye khanga.
"Muulize alimbeba nani."